Pikapu ya mjomba na sentimita nane

Kimya kingi kina mshindo, si ndivyo walivyosema wahenga? Nimepotea hapa tangu UE, na nasikia kuna waliokwisha tangaza kwamba nimedisko. Sijadisko. Nipo rumu ile ile, na mshkaji yule yule anayekoroma kama trekta. Nilikuwa nyumbani Lushoto, na tangu nirudi kila mtu wa makenika niliyemdokezea habari za pikapu ya mjomba ananiuliza maswali yale yale: mlinyanyua vipi, mliweka springi gani, mbona hamkununua fo bai foo yakaisha? Basi nimeona niandike mara moja, maana nimechoka kusimulia kantini chipsi zikipoa.

Pikapu yenyewe ni Toyota Hilux ya mwaka 1994, ile inayosukuma kwa matairi ya nyuma tu. Mjomba anabebea mboga: kabeji, karoti, viazi, hoho. Kutoka Mombo kupanda Soni hadi Lushoto ni lami. Tabu inaanza ukishaiacha lami na kuingia barabara za udongo kwenda vijijini huko juu. Kiangazi ni vumbi na mawe. Masika magari makubwa yanachimba mifereji miwili ya matairi na kuacha tuta katikati, na hilo tuta ndilo adui wa gari fupi. Masika iliyopita jiwe lilipasua sampu ya mjomba. Oili ilimwagika yote njiani, gari likalala huko siku tatu, na mzigo wa watu ukaoza. Nyanya hazisubiri mtu. Fidia aliyolipa ilikula ada ya binamu yangu ya muhula mzima. Na anayepanda gari hilo kila siku ya gulio, kiti cha mbele na vikapu vyake miguuni, ni mama yangu mzazi. Kwa hiyo nisieleweke vibaya: sikwenda kule kucheza na gari.

Nilifika Februari, kabla ya mvua. Hata begi sijalitua, mjomba akaanza.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja wakati mzuri. Fundi anasema mbele tuinyanyue sentimita nane. Wewe si ndiyo unasomea hayo?"

Nikamwambia naomba kwanza nilale chini ya gari niangalie. Akacheka. "Kumbe chuo kikuu nako mnalala chini ya magari?"

Haya, sasa darasa fupi, wa sosholojia nao wavumilie. Hilux hizi za zamani za tuu wili hazina springi ya koili mbele. Zina tosheni baa: chuma kirefu cha mviringo kinacholala kwa urefu chini ya gari, kimoja kila upande. Ncha ya mbele imeshika mkono wa sasipensheni. Ncha ya nyuma imeingia kwenye kishikio kwenye chesesi, na kishikio hicho kinasukumwa na bolti ndefu. Tairi likipanda juu ya jiwe, mkono unakisokota kile chuma, na chuma kinataka kurudi kilivyokuwa. Hiyo ndiyo springi yenyewe. Si ufundi mpya: Citroën Traction Avant ya mwaka 1934 ilikuwa nayo, na Morris Minor ya mwaka 1948 nayo pia. Hilux ilihamia koili mbele kwenye toleo lililotoka 2004, ambalo wengi tunaliita Vigo. Wenye Vigo kunyanyua kwao ni habari nyingine: ni spesa juu ya koili au koili ndefu zaidi.

Uzuri wa tosheni baa ni kwamba ukikaza ile bolti ya nyuma, mbele ya gari inapanda. Hununui chochote, unahitaji spana na jeki tu. Ndiyo maana mafundi wengi wanaipenda, na ndiyo maana wengi wanaikaza hadi mwisho. Na kwa kuwa mbele hakuna ekseli za kuvuta kama kwenye fo bai foo, hofu moja inapungua, maana hakuna jointi za ekseli za kukunjika vibaya.

Ila kuna uongo mmoja unazunguka magereji yote, na hata darasani nimewahi kuusikia: eti ukikaza bolti unaifanya springi kuwa ngumu ili ibebe zaidi. Hapana. Ugumu wa tosheni baa unatokana na urefu wake, unene wake na chuma chenyewe. Tena unene ndio wenye kauli: ugumu unakwenda kwa kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne. Weka chuma kinene zaidi kwa asilimia 10 tu, ugumu unaongezeka karibu asilimia 46. Lakini kukaza bolti hakubadilishi unene wala urefu. Unachobadilisha ni pale gari linaposimamia. Ni sawa na kuhamisha kiti: mkaaji ni yule yule, uzito ule ule.

Sasa mbona gari lililokazwa sana linaruka ruka kama punda? Hapo ndipo mimi na fundi tulipokaa kuzungumza.

Fundi ni mtu mzima, amelea magari ya mlima ule tangu sijazaliwa. Namheshimu, na sikutaka kwenda pale na kalikuleta kumfundisha kazi. Nikamwomba kitu kimoja tu: tupime kwa futi kabla ya kukaza. Hatukupima kutoka ardhini, maana upepo wa tairi unadanganya. Tulipima kutoka katikati ya gurudumu hadi mdomo wa bodi juu ya tairi. Gari likiwa chini, kwenye sakafu tambarare, baada ya kulisukuma mbele na nyuma na kulitikisa ili litulie, kushoto tulipata sentimita 41, kulia 38.5. Upande wa dereva ulikuwa umeshalala. Mjomba si mwembamba, na miaka thelathini ya kumbeba si mchezo.

Kisha tukalinyanyua kwa chesesi mpaka matairi yakaning'inia hewani, tukapima tena. Pande zote mbili: 49.

Nikaiandika ukutani kwa chaki. 41 jumlisha 8 ni 49.

Fundi aliikodolea macho ile hesabu. Maana yake ni kwamba tukinyanyua sentimita nane, gari litasimama pale pale ambapo gurudumu linaishia kuning'inia. Halitakuwa na pa kushuka tena. Tairi likikuta shimo haliwezi kulifuata, linabaki hewani, na tairi lililo hewani halipigi breki wala halikati kona. Ule mruko wa punda ni huo: mkono wa sasipensheni unagonga kizuizi chake kila saa. Shokapu nazo zinakuwa zimevutika hadi mwisho, boli jointi zimelala kwa pembe mbaya, na bomba la breki limekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Na barabara ya kwetu, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili unaona mabati ya nyumba za watu chini kabisa.

Fundi akakaa kimya. Halafu akasema, "Sasa kijana, na mimi nikuoneshe kitu." Akachukua mtarimbo, akauingiza kwenye bushi ya mkono wa kulia, akautikisa. Mpira umekwisha, unacheza kama jino la mtoto. "Ukipandisha hata hiyo yako ndogo juu ya bushi hii, alaimenti haitakaa wiki." Alikuwa sahihi, na futi yangu isingeliona hilo. Bushi zikanunuliwa kwanza.

Tulikubaliana 44 pande zote mbili. Yaani kushoto tunapanda sentimita 3, kulia 5.5, na gurudumu linabaki na sentimita 5 za kushukia. Akiba hiyo ina sababu nyingine pia: mzigo ukilala nyuma sana, matako ya gari yanakaa na pua inainuka yenyewe.

Kazi ilikwenda hivi, kwa wale mnaotaka kujaribu nyumbani. Choki kwenye matairi ya nyuma. Jeki, halafu stendi chini ya chesesi, pande zote. Narudia: stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kama fundi wako anafanya hivyo kila siku. Matairi yakiwa yananing'inia mzigo kwenye tosheni baa unapungua, na bolti inageuka bila kula uzi wake. Tulisugua uzi kwa brashi ya waya, tukapaka grisi, tukaweka alama ya rangi pale ilipokuwa mwanzo ili tukitaka kurudi tujue njia. Mizunguko michache, shusha gari, lisukume mbele na nyuma, litikise, pima. Rudi tena. Tulishusha na kupandisha mara tano, maana ukikaza upande mmoja, wa pili nao unajibu kidogo. Na kama kuna siku utazitoa hizo tosheni baa kabisa, zitie alama ya kushoto na kulia kwanza. Zimezoea kusokotwa upande mmoja, si za kubadilishana.

Mwisho wa siku: 44 na 44. Chini ya krosmemba kulikuwa na sentimita 17, sasa karibu 21. Fundi akachomelea bamba la chuma kuikinga sampu, lenye tundu la kumwagia oili ili siku ya sevisi wasilazimike kulifungua lote. Hilo wazo ni lake, mimi nilishika taa tu.

Kesho yake yakaja matokeo ambayo watu huwa wanayasahau. Gari likipanda mbele, tairodi zinalala kwa pembe tofauti na matairi yanageukia ndani au nje, hata wima wake unabadilika. Usiporekebisha, tairi jipya linaliwa upande mmoja kabla hujamaliza kulilipia. Pale kijijini tulipima kwa uzi na futi, umbali kati ya matairi kwa mbele na kwa nyuma, tukaweka sawa kwa muda, kisha mjomba akashuka mjini kufanya alaimenti ya mashine. Na taa. Pua ikiinuka, taa zinaangaza machoni mwa wanaokuja. Tuliziegesha upya usiku, mbele ya ukuta wa shule.

Kuhusu swali la matairi makubwa, ambalo mmeniuliza wengi. Kunyanyua mbele hakuliinui difu la nyuma hata kidogo, kwa sababu difu linaning'inia kwenye ekseli, na ekseli imekaa juu ya matairi. Kitu pekee kinacholiinua ni tairi kubwa. Lakini piga hesabu: 185R14 ina kipenyo cha milimita 650 hivi, 195R14 milimita 666. Ukibadilisha, difu linapanda nusu ya tofauti, yaani milimita 8. Upana wa kidole! Ukienda 205R14, yenye 686, unapata milimita 18, na spidomita inaanza kusema uongo: inasoma 80, kumbe unakwenda zaidi ya 84. Mjomba akaamua matairi yabaki yale yale. Hela hakuna, na kuna kitu kingine nilitaka kumwambia, kigumu kuliko bolti.

Usiku nilikaa na daftari. Kuna kipimo rahisi cha gari kupinduka: nusu ya upana kati ya matairi, gawanya kwa urefu wa kitovu cha uzito kutoka ardhini. Namba ikiwa kubwa gari limetulia, ikipungua gari linaelekea kulala ubavu. Nilikadiria nusu ya upana ni sentimita 70, gari tupu ni kilo 1,300 na kitovu chake kipo sentimita 62. Tupu, unapata kama 1.13. Sasa panga magunia 14 ya viazi kama mjomba alivyozoea, kilo 1,400, kitovu cha mzigo sentimita 130: namba inaanguka hadi 0.72. Nyanyua mbele sentimita nane juu ya hapo, unakuwa karibu 0.69. Lakini chukua gari letu lililonyanyuliwa kidogo, lipakie magunia 10 yaliyolazwa chini: 0.82. Yaani gari lililonyanyuliwa lenye magunia 10 limetulia kuliko lile la zamani lenye 14. Hayo ni makadirio yangu, kitovu cha lumbesa nani anakijua, lakini mwelekeo haudanganyi. Na bado sijaweka vijana watatu wanaokaa juu ya mzigo. Isitoshe gari lenyewe ni la tani moja.

Asubuhi nikamwonesha. Alisoma polepole, miwani puani. Halafu akanifungia daftari.

"Wewe unahesabu sentimita," akasema. "Mimi nahesabu magunia. Gunia la kumi na moja ni mafuta. La kumi na mbili ni ada ya dada yako. La kumi na tatu na la kumi na nne ndiyo yangu mimi. Sasa niambie niteremshe lipi."

Jamani, hilo swali halimo kwenye lekcha yoyote niliyowahi kukaa. Sikuwa na jibu, na sikujifanya ninalo. Nilimwambia tu kwamba sampu ile iliyopasuka ilimgharimu magunia mengi zaidi, na kwamba kwenye ile kona ya juu ya korongo aliyeketi kushoto, upande wa bonde, ni mama. Akanyamaza. Akanywa chai yake. Baadaye nikamsikia anaongea na vijana wake: kumi, na juu ya mzigo hapandi mtu.

Nisiwadanganye kwamba mambo yaliisha hapo. Masika ilikuja, na habari nilizipata kwa simu huku nikihangaika na asaimenti. Bamba la sampu limekwanguliwa mara mbili, sampu nzima. Kwenye utelezi gari bado ni tuu wili: kunyanyua kunakupa nafasi chini ya tumbo, hakukupi nguvu ya kushika tope. Wanafunga minyororo, wanasukuma, kama zamani. Mapato yameshuka. Siku za gulio kubwa mjomba anajaribu trip mbili ndogo badala ya moja nene, ila mafuta yanamla.

Halafu mwezi wa nne kabeji zilikuwa nyingi na bei nzuri, na binamu akanipigia kunisimulia. Mjomba alipakia kumi na tatu. Mama akafika na vikapu vyake, akahesabu, hakusema kitu. Hakupanda. Akakaa kwenye jiwe kando ya barabara, akafungua kanga yake, akaanza kula muhogo. Mjomba akapiga honi, mama akaendelea kutafuna. Nusu saa nzima! Watu wakaanza kucheka. Mwishowe magunia matatu yakashushwa, mama akajipangusa mikono, akaingia, akafunga mlango. Binamu anasema njia nzima hawakuongea, na kule sokoni mjomba ndiye aliyenunua soda.

Kwa hiyo wadau, ukiwa na baba au mjomba mwenye pikapu ya namna hii na anataka kuinyanyua, usiende na maneno mengi. Nenda na futi. Pima likisimama, pima likining'inia, na ile tofauti ndiyo mali uliyonayo. Usiitumie yote, mwachie shimo sehemu yake. Angalia bushi na boli jointi kwanza. Angalia bomba la breki gurudumu likiwa chini kabisa, usukani umekatwa kulia, kisha kushoto. Alaimenti na taa si anasa. Na baada ya hayo yote, uliza linapakia nini.

Alhamisi nina testi ya vaibresheni, na hao wa rumu ya pili wameanza tena muziki. Mwenye noti za wiki ya sita aniazime, nitarudisha, naapa. Tuonane lekcha.